Chupa ya Bahari ya Hadjara

Katika nyumba yetu ya wageni pale Vulamba, mtaa wa Butembo, sukari iliibwa, siki iliibwa, sabuni iliibwa hata ikiwa imeshalowa, lakini vodka haikuguswa na mtu. Mwenye nyumba ni Mwislamu wa Beni. Mpishi ni Mprotestanti. Mfuaji wa nguo ni Mprotestanti. Mimi Kitsa, ninayekaa mapokezi na kugawa funguo, ni Mprotestanti na ninaimba besi kwenye kwaya. Ungeweza kuiacha ile chupa juu ya meza yangu toka Noeli hadi Pasaka, na kila mtu angeipita huku anatazama ukuta. Ndivyo tulivyoamini.

Nayataja haya mapema kwa sababu watu wa Butembo wameshasimulia habari ya Mama Kyakimwa kwa namna zao, na namna zao zote zinaanza na ulevi. Wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, nimekaa pale pale kwenye kiti changu, kwa hiyo wanipishe kidogo.

Tuanze na bahari. Sisi hatuna bahari. Tuna ziwa, milima na matope. Lakini Hadji Issaka, mwenye nyumba wetu, ambaye malori yake yanakwenda na kurudi kati ya Beni, Butembo na mpaka wa Kasindi, alikwenda Makka na mkewe Hadjara, na kabla ya kupanda ndege ya kurudi walilala Jeddah. Hadjara akaiona bahari. Aliporudi Beni akawa anaizungumzia kila mlo, hata siku ambayo mezani kulikuwa na maharage matupu. Mwishowe Hadji akachoka, au akapenda, kwa mtu kama yeye ni vigumu kujua, akaagiza kutoka Kampala sanduku kubwa la kioo, pampu, magunia ya chumvi ya bahari na samaki wadogo wa rangi ambao mtu wa kwetu hawezi kuwahesabu kuwa mboga.

Hadjara alikaa na bahari yake muda usiotosha, figo zikamshinda, akafariki. Hadji akaifunga nyumba ya Beni, maana vita navyo vilikuwa vimeukaribia mtaa ule, akahamia Butembo, kwenye nyumba yake hii ya wageni. Bahari ikaja nyuma yake juu ya lori, kioo kimefunikwa kwa magodoro, maji na samaki ndani ya mapipa. Alipofika aliteremsha samaki kabla ya kitanda chake. Tukaiweka sebuleni, mkabala na meza yangu, nikawa napokea wageni huku natazamwa.

Mmoja wa wale samaki, wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, ndiye aliyekuwa akila mkononi mwa Hadjara. Huyo Hadji hakuweza kumtazama muda mrefu, na hakuweza kuacha kumtazama.

Akatafutwa mtu anayejua samaki. Kila aliyeulizwa alimtaja Mama Kyakimwa. Alizaliwa Kyavinyonge, kando ya Ziwa Edouard, na ameuza tilapia katika soko la Butembo tangu ujana wake. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini inayomlazimu mtu anyamaze ili asikie. Samaki aliwajua kweli, ila aliwajua wakiwa wamekufa, wamepasuliwa na kupakwa chumvi. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kioo, akatazama, kisha akaniambia kwamba ni mara yake ya kwanza kuona chumvi na samaki mzima mahali pamoja, na kwamba hapa utaratibu umegeuzwa. Akajifunga kitenge kiunoni, akaanza kazi.

Hiyo ilikuwa kazi yake ya riziki. Kazi yake hasa ilikuwa kanisani, ambako alikuwa shemasi. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana ni yeye aliyeosha vile vikombe vidogo, akakata mkate, akapika juisi nyekundu ya maua inayosimama mahali pa divai, maana kanisa letu halipitishi pombe mlangoni hata kwa shughuli ya Bwana mwenyewe. Juisi ile ikikosa sukari inakwaruza koo, ikizidi inakuwa ya harusi. Hakuna aliyejua kuipima kama yeye. Mume alikuwa ameshazikwa, watoto wametawanyika, duka la samaki liliungua pamoja na soko; Meza ile ilibaki. Siku moja, akiwa anapangusa kikombe na mimi nikipanga vitabu vya nyimbo, aliniambia bila kuinua uso.

"Kitsa, vyote bamekamata. Hii tu, baniachie."

Nikaendelea kupanga vitabu, kwa sababu kwa maneno kama hayo mtu anayejibu ni mpumbavu.

Bahari ikaanza kuchafuka. Kioo kikaota manyoya ya kijani, maji yakawa na rangi ya chai iliyosahauliwa, samaki mmoja mweusi akafa bila kuugua. Tulilaumu umeme, tukalaumu pampu, tukalaumu barabara iliyomtikisa. Kumbe tatizo lilikuwa adabu yetu. Mnande, mtu wa kabila letu, hapiti mbele ya kiumbe chenye mdomo bila kukipa kitu. Mgeni anashuka ngazi na kipande cha mkate, samaki wanamkimbilia kwenye kioo midomo wazi. Atafanya nini, awatazame tu kama hakimu? Mfanyabiashara kutoka Luofu aliwapa kiazi. Wamama wa semina waliwapa karanga. Mfuaji wa nguo alikuwa akiwapa bundu, ugali wetu wa muhogo, kila alfajiri, kwa imani kwamba asiyekula bundu hajala. Kyakimwa alibandika tangazo la kukataza. Wageni walilisoma huku wanatafuna, wakaona ni uchoyo wa mwenye nyumba, wakazidi kuwahurumia samaki.

Yule aliyewauza, mtu wa Kampala, alieleza mambo kwa sauti za WhatsApp, na Kyakimwa alizisikiliza mapokezi kwangu, kwa hiyo nami nikawa mtaalamu. Chakula kikizidi na mavi ya samaki yakizidi, maji yanajaa mbolea. Mwani unanenepa, samaki wanadhoofika. Ndani ya maji kuna vidudu visivyoonekana ambavyo viko tayari kuila mbolea ile, lakini havina nguvu, mpaka vipewe kitu cha kuvitia nguvu: sukari, au siki, au pombe kali isiyo na rangi wala ladha. Ukivipa kidogo kidogo kila siku vinaongezeka, vinakula uchafu, kisha mashine ya povu inavikusanya na kuvitupa nje pamoja na kile vilichokula. Ukivipa nyingi kwa ghafla vinajaa mpaka maji yanageuka maziwa, na samaki wanakosa hewa. Kwa hiyo polepole, na kupima. Unatia maji kwenye kichupa, unadondosha dawa, unasubiri rangi. Njano ni heri. Chungwa ni mashaka. Nyekundu ni msiba.

Mimi nilidhani mtu wa Kampala anatuchezea. Kyakimwa alielewa palepale. Alisema ni kama siku ya kulima kwa pamoja: huwezi kuita watu waje kupalilia shamba lako na tumbo tupu. Unawapikia, wanapalilia, kisha unawasindikiza. Aliyewahi kulima kwetu hawezi kuyapinga maneno hayo.

Akaanza na sukari, kama mtu yeyote mwenye akili. Aliiyeyusha, akaitia kwenye chupa, akaandika SAMAKI. Wiki haikuisha, chupa ikawa tupu na chai ya jikoni ikawa tamu kuliko kawaida. Akaitia nyingine, ikaenda njia hiyo hiyo. Sitaji majina, maana kikombe kimoja kilikuwa changu. Akahamia kwenye siki. Bénite, mpishi wetu, aliimimina kwenye saladi ya watu wa mashirika, kisha akaijaza maji ili isionekane, na vidudu vikapewa maji. Rangi kwenye kichupa ilibaki nyekundu. Samaki wa Hadjara akaanza kujiegemeza chini kwenye mchanga, mashavu yakipanda na kushuka haraka. Hadji alisimama mbele yake na tasbihi mkononi, akamwuliza Kyakimwa kama huyu naye anakwenda.

Ikabaki vodka. Hadji hakuweza kuinunua, maana ni Hadji. Kyakimwa hakuweza kuinunua, maana ni shemasi. Walikaa sebuleni wakitazamana juu ya jambo hilo, kila mmoja akimwachia mwenzake heshima, mpaka Kyakimwa akainuka. Alisema tumbo litakaloipokea si lake, kwa hiyo dhambi haina mahali pa kukaa. Akaenda dukani mchana kweupe, akarudi na chupa mkononi, wazi, bila mfuko. Nilimwuliza kwa nini asingeifunga hata kwa gazeti. Alisema kitu ukikifunga, watu wanakifungua wenyewe, na kila mmoja anakuta ndani yake anachotaka.

Vodka ilifanya kazi, na ilifanya kazi kwa sababu haikuibwa. Ndani ya nyumba yote ile hakuna aliyekuwa tayari kuonekana ameishika. Rangi ikashuka toka nyekundu hadi chungwa. Samaki wa Hadjara akainuka kwenye mchanga, akarudi kuzurura mbele ya kioo na kuwadanganya wageni kwamba ana njaa.

Lakini Butembo ina macho. Shemasi aliyebeba chupa hapiti mara mbili. Wazee wa kanisa wakamwita, akawaeleza kwamba pombe ni ya maji. Walimsikiliza kwa upole mkubwa, kama unavyomsikiliza mtu mwenye homa, kisha wakasema watakuja kuona.

Walikuja baada ya ibada, wamevaa makoti, wakiongozwa na Mzee Ésaïe, fundi wa mabati aliyestaafu, mtu wa haki na wa mwendo wa polepole. Kwetu huendi kutembelea mtu mikono mitupu, hata ukienda kumchunguza. Ésaïe alikuwa na karanga mfukoni. Wakapanga viti mbele ya bahari. Kyakimwa akavuta vodka kidogo kwa bomba la sindano la hospitali, akaidondosha mahali maji yanapotokea kwenye pampu. Wazee wakasubiri samaki walewe. Hakuna kilichotokea. Wakaendelea kusubiri. Mmoja aliuliza kama yule aliyeinamisha kichwa chini ndiye ameshaanza. Kyakimwa akasema yule ndivyo anavyotafuta chakula.

Wakashauriana palepale kwenye viti. Maji hayajabatizwa, wakasema, kwa hiyo hayana kosa mbele ya kanisa. Samaki vilevile. Wakakubali kwamba ni dawa, kwa sharti kwamba chupa ikae juu ya meza yangu ionekane na watu wote, na kwamba hii iliyopo ifike mpaka baada ya Pasaka kama Kyakimwa alivyosema itafika. Kyakimwa akakubali. Walipokuwa wakiaga, Ésaïe akamimina karanga zake zote majini kwa moyo mweupe. Tulizivua kwa chujio la chai mpaka jioni.

Basi mambo yalikuwa yametulia, na mimi nilikuwa nimeanza kuisahau ile chupa, pale rangi ilipoanza kurudi nyuma. Chungwa ikakolea. Kyakimwa akamhoji mfuaji kuhusu bundu, akaosha mashine ya povu, akapunguza chakula. Rangi ikawa nyekundu. Pasaka ilikuwa inakaribia. Siku hiyo alichukua ile chupa mezani kwangu, akainusa, akadondosha tone mgongoni mwa mkono wake na tone jingine kwenye wangu. Pombe kali ikigusa ngozi inaleta baridi na kukauka mara moja. Tone lile lilikaa tu pale, likitutazama. Chupa ilikuwa imejaa kiasi kile kile inachopaswa kujaa, ila sehemu kubwa ilikuwa maji.

Nikaapa kwa jina la marehemu mama yangu. Kyakimwa akaniambia niache kumsumbua mama yangu, hajaniuliza kitu.

Baada ya sala ya alasiri Hadji alikuwa na desturi ya kukaa peke yake mbele ya bahari na glasi ya maji ya moto, kwa ajili ya tumbo, alisema. Saa hiyo mimi niko nyuma ya nyumba, natia mafuta kwenye groupe, jenereta yetu, ili umeme ukikatika pampu zisisimame. Meza yangu inabaki haina mtu. Siku hiyo nilirudi mapema kwa sababu bidoni ya mafuta ilikuwa tupu. Hadji alikuwa ameshakwenda chumbani kwake. Kyakimwa alisimama na ile glasi, akiinusa. Kisha akaiosha. Aliiosha kwa sabuni nyingi kuliko glasi ya maji inavyohitaji, ndani na nje, akaipangusa, akairudisha kabatini nyuma ya zote.

Nikaelewa, na damu ikanipanda kichwani. Nilimwambia nitakwenda kwa Mzee Ésaïe leo hii, kwa sababu chupa hii haitafika Pasaka, na wao watauliza, na mzigo utamwangukia nani?

"Kitsa, acha," alisema. "Ule muzee anazikaka bibi yake kila siku saa kumi, apa mbele ya maji. Umuache amalize."

"Na weye, Mama? Na Meza?"

Alimtazama yule samaki wa rangi ya chungwa, ambaye alikuwa amerudi kuegemea mchanga, akachukua mfuko wake na kwenda dukani. Alirudi na chupa mpya mkononi, wazi kama kawaida yake, na njia ya kutoka dukani inapita mbele ya kanisa. Pombe ya samaki aliitoa kwanza, akaitia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi na kukiweka kwenye mfuko wake. Iliyobaki akaiweka mezani kwangu, mahali pale pale, ili Hadji asijue kwamba inajulikana. Mimi niliona huo ni upumbavu. Nilimwambia hivyo. Akasema nipunguze sauti, Hadji amelala.

Wazee wakamwita kabla ya jua kuzama. Tulikuwa na mazoezi ya kwaya, na chumba chao kimetengwa na chetu kwa ubao tu, kwa hiyo tuliimba kwa sauti ya chini.

"Mama Shemasi," Ésaïe alisema, "chupa ya kwanza ilikwenda wapi?"

"Iliisha."

"Weye njo uliikunywa?"

"Hapana."

"Basi nani?"

"Miye natunzaka maji, Muzee. Batu, hapana kazi yangu."

Besi zote zikanyamaza. Ésaïe akauliza tena, kwa upole zaidi, karibu anamwomba ampe jina lolote, hata la paka. Kyakimwa hakulitoa. Ésaïe si mtu mbaya. Nataka hilo lijulikane, ingawa siku ile ningempiga na kitabu cha nyimbo. Alisema kwa masikitiko kwamba atakaa mbali na Meza, asiihudumie wala asiishiriki, mpaka Pasaka ipite na maneno yapatikane. Kyakimwa akafungua fundo la kitenge chake, akatoa ufunguo wa kabati la vikombe, akauweka mbele yao na kusema "wasingya", asante, kama mtu aliyekaribishwa chakula.

Nilimfuata njiani. Hakuwa analia. Alikuwa anatembea haraka tu, na mikono yake haikujua pa kukaa.

Pasaka ikafika. Kwetu siku hiyo hata mbuzi wanaonekana wameoga. Asubuhi, wakati kila mtu anapanda kilima kwenda kanisani, Kyakimwa aliingia sebuleni na kitenge cha kazi, akajifunga kiunoni, akaanza kusugua kioo. Mimi nilikuwa zamu. Kwaya ilikuwa imeniruhusu, au nilikuwa nimesusa, sikumbuki vizuri. Wimbo wa kwanza ukatufikia kupitia dirishani. Alisugua mahali pamoja mpaka wimbo ukaisha.

Hadji akatoka chumbani kwake, akamwona, akasimama. Alimwuliza kama leo si Pasaka yao. Kyakimwa akasema ndiyo. Akamwuliza mbona yuko hapa. Kyakimwa akasema maji hayajui Pasaka, akachukua ndoo na kwenda nyuma kuchanganya chumvi. Hadji akanigeukia mimi.

Sasa, mimi nilikuwa nimekatazwa. Lakini nilikatazwa kwenda kwa Ésaïe. Kuhusu Hadji mwenyewe hakuna aliyenikataza.

"Bamemutenga na Meza, Hadji," nilisema. "Ju ya chupa. Balimuuliza nani anakunywaka, akakatala kusema."

Alikaa kwenye kiti chake cha saa kumi. Alimtazama samaki wa mkewe muda ule ambao siku zote hakuuweza. Kisha akaenda chumbani, akarudi amevaa kanzu nyeupe na kofia yake ya kuhiji, akatoka nje bila fimbo. Nikaacha mapokezi chini ya ulinzi wa samaki, nikamfuata.

Watu wa Vulamba walimsalimia njiani, naye aliwaitikia wote. Mlangoni pa kanisa akafanya kile ambacho miguu yake imezoea kufanya mbele ya nyumba ya Mungu: akavua viatu, akavipanga upande, akaingia na soksi. Sisi tunaingia na viatu, tena siku ya Pasaka na viatu vipya. Kanisa zima lilikuwa limejaa viatu, na katikati ikapita soksi ya kijivu yenye tundu kisiginoni. Mkate ulikuwa umeshagawanywa. Vikombe vilikuwa bado kwenye sinia. Mchungaji akafunga kitabu chake, kwa sababu hakuna kitabu kinachosema ufanye nini.

Hadji akasimama mbele ya benchi la wazee. Hakupaza sauti, lakini kimya kilikuwa kikubwa, kwa hiyo ilitosha.

"Chupa, ni miye Issaka nilikunywa. Ule mama alijua, akanyamaza ju yangu. Mumurudishie Meza yake."

Alisema hivyo tu. Alijua, nami nilijua, kwamba kabla ya sala ya alasiri maneno yale yatakuwa yamefika msikitini, na kabla ya kesho yatakuwa yamefika Beni kwa malori yake mwenyewe. Aligeuka, akatoka kwa mlango wa pembeni kwa sababu ndio uliokuwa karibu, na akashuka kilima na soksi kwenye matope. Nilimwita kuhusu viatu. Hakusikia, au hakutaka kurudi.

Tulipofika nyumbani Kyakimwa alikuwa amekaa na kichupa cha kupimia, anasubiri rangi. Aliona soksi za Hadji. Alinitazama mimi kwa namna ambayo bado naikumbuka, na haikuwa ya shukrani. Hadji akakaa kwenye kiti chake. Samaki wa Hadjara alikuwa ameinuka kwenye mchanga na kusimama mbele ya kioo, akifungua na kufunga mdomo kwa ajili yetu sote.

Muda kidogo ukapita, kisha nikaona kupitia dirishani watu wa makoti wakishuka kilima. Mbele alikuwa Ésaïe. Mkono mmoja alibeba sinia ya vikombe iliyofunikwa kitambaa cheupe, na mkono wa pili alibeba viatu vya Hadji. Kwa mwendo wake wa polepole ilichukua muda, na hakuna hata tone lililomwagika.

Akaingia. Kwanza alikwenda kwa Hadji, akapiga magoti, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda, akaviweka viatu mbele ya miguu yake. Vilikuwa vimepanguswa. Kisha akainuka akishika kiti, akamwendea Kyakimwa na sinia. Kwa desturi Meza inabebwa kwenda kwa mgonjwa asiyeweza kutembea, na Kyakimwa alikuwa mzima kabisa. Ésaïe alisema wanajua hilo, ila hawakupata njia nyingine, na kanisa lote bado limekaa linasubiri.

Kyakimwa akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kwa sababu ya chumvi. Akala mkate. Akachukua kikombe, akafumba macho, akanywa, na machozi yakamtoka, yakateremka mpaka kidevuni bila yeye kuyapangusa. Tulitazama pembeni, kila mtu upande wake. Hadji alitazama samaki. Baadaye Kyakimwa akafumbua macho na kukirudisha kikombe kwenye sinia.

"Sukari ni kidogo," alisema.

"Tulionja," Ésaïe akajibu, na kutoa ufunguo wa kabati mfukoni mwa koti. "Ile ingine Meza, utapika weye."

Akaupokea, akaufunga kwenye pindo la kitenge. Wazee wakaaga. Ésaïe alipopita karibu na bahari, mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Kyakimwa akamtazama. Mkono ukatoka mtupu, naye akaufuata mlangoni.

Kichupa cha kupimia kilikuwa kimeshaamua rangi yake juu ya meza yangu: chungwa, inayoelekea njano. Hadji alikuwa amevaa viatu vyake. Akaniambia saa kumi nimletee chai, chai ya kweli, na kiti cha pili kwa ajili ya mama. Nikaipika mwenyewe, nikaitia sukari ya kutosha, na siku hiyo sikuonja.